Mkonga, kirikuu, Hilux: magari ambayo kwao hayauzwi, sisi huku tunayachosha

#1 Dereva_wa_Sakina

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Sakina, huu ni mwaka wa 14 napeleka wageni mbugani. Wiki iliyopita nilimpokea KIA mzee mmoja wa Texas na mkewe. Mzee ni mfugaji. Kawaida mgeni akitoka pale nje anauliza Kilimanjaro uko wapi, namwonyesha wingu. Huyu hakuuliza mlima. Aliweka begi chini, akalizunguka gari mara mbili, akapiga goti kwenye lami akachungulia difu la nyuma. Kisha akaniomba nifungue boneti. Mkewe akakaa juu ya sanduku akatoa kitabu. Inaonekana keshazoea.

Gari lenyewe ni Mkonga wa kawaida kabisa, yaani Land Cruiser ya familia ya 70, HZJ79 iliyorefushwa hapa hapa Arusha, paa la kunyanyua, viti saba vya wageni, vumbi la Ndutu bado limo kwenye bawaba za milango. Mzee aliweka kiganja juu ya injini kama mtu anayempima mtoto homa, akasema kwao hawezi kulipata jipya hata akiuza ng'ombe wote.

Kesho yake, tunapita Mto wa Mbu, akapiga kelele nisimame. Nikadhani kaona chui. Kaona kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo cha Kijapani! Kimejaa ndizi nyekundu, kimelalia upande mmoja, kijana kakaa juu ya mzigo anakula muwa. Alipiga picha kama thelathini. Twiga wa Manyara mchana ule hawakupata hata kumi.

Sasa maswali yangu ni mawili. La kwanza ni la udadisi: kwa nini mtu mwenye hela zake, kwenye nchi yenye kila kitu, anyimwe gari ambalo sisi tunabebea mkaa? La pili ndilo lililonileta. Nina akiba kidogo, nataka Mkonga au pikapu ya 79 iwe yangu, niache kuendesha mali ya tajiri. Kila usiku naingia kwenye mitandao ya magari ya Japan natafuta yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ya 2010 kuja juu. Noah zipo hadi zinachosha macho. IST, Harrier, zimejaa. Mkonga hakuna. Nakosea wapi?

#2 chalii_wa_Ngarenaro

Naweka kambi hapa. Mwenye chai na maandazi alete.

#3 109_mpaka_kaburini

Mzee wa Texas ulimpitisha njia ipi hata asikutane na Land Rover? Mji uliofanya tamasha la Land Rover Oktoba 2024, mgeni anakuja kulilia Toyota! Mwambie Defender ya zamani nayo kwao iliacha kuuzwa 1997, sheria za mifuko ya hewa na kugongwa ubavuni ziliishinda. Alie kwa mpangilio.

#4 Mzee_wa_Makaratasi

Dereva, hujakosea kutafuta, umekosea mto. Mkonga wa dizeli wa miaka unayoitaka hauko Japan kwa sababu Japan haukuuzwa.

Nafanya kliaringi tangu enzi za Land Cruiser 75, acha nikusimulie. Familia ya 70 ilitoka Novemba 1984, na mwanzoni Wajapani nao waliinunua. Zikaja sheria za moshi wa dizeli. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani walianza kuzizuia dizeli chafu barabarani, na 2004 Toyota wakaiondoa 70 kwenye soko la nyumbani. Kiwanda hakikufungwa. Waliendelea kuziunda na kuzipakia melini: Australia, Uarabuni, Umoja wa Mataifa, na kwetu. Mjapani wa kawaida aliziona zikienda bandarini, basi. Mwaka 2014 ikarudishwa kwao kusherehekea miaka 30, lakini ya petroli, V6 ya lita 4, tena kwa muda mfupi. Novemba 2023 ikarudi kwa mara nyingine, dizeli ya lita 2.8 yenye turbo, otomatiki. Hiyo siyo 1HZ. Kwa hiyo ukikuta tangazo "HZJ79 ya 2012 kutoka Japan, ilikuwa ya bibi mmoja wa Osaka", jua bibi hayupo.

Hilux vilevile. Waliacha kuiuza kwao 2004, ikarudi 2017, na iliyorudi inaundwa Thailand. Yaani Mjapani ananunua Toyota ya kutoka nje! Sisi huku tunazipata za Durban.

Sasa unaipata wapi. Mpya dukani, kama akiba yako "kidogo" ni ya Kichaga. Mnadani, za serikali na za miradi. Au Dubai, kuna wafanyabiashara wanaziingiza pale mahsusi kwa ajili ya Afrika, lakini angalia usukani, maana magari yao wenyewe usukani uko kushoto. Za miradi, zile za wafadhili zenye namba za DFP, ndizo watu wanazipenda: zimefanyiwa sevisi kwa wakati, daftari lipo, dereva alikuwa wa kuajiriwa na alikuwa anaogopa. Tatizo lake ni moja na limewaliza wengi. Nyingi ziliingia kwa msamaha wa kodi. Msamaha ni wa mradi, si wa gari. Likija mikononi mwako wewe mtu binafsi, kodi inaamka. Usitoe hata shilingi kabla hujaonyeshwa karatasi ya kodi kulipwa, au mmeandikishana nani analipa. Namfahamu mtu wa Usa River ana Mkonga safi kabisa uani kwake, una namba za mradi uliokwisha zamani, kuku wanatagia ndani.

#5 Mwalimu_Himo

Umetaja kuku, mzee, acha nijibu swali la kwanza la mleta uzi, kwa sababu kuku wamo humo kweli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa wameshajua kufuga kuku kwa wingi na kwa bei chee, wakafurika Ujerumani Magharibi na Ufaransa. Wafugaji wa huko wakalia, ushuru wa kuku ukapandishwa. Mmarekani akanuna. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akaweka ushuru wa asilimia 25 kwa vitu vinne: wanga wa viazi, dekstrini, brandi, na magari madogo ya mizigo. Aliyelengwa kwenye magari alikuwa Volkswagen na kombi zake za mizigo. Vile vitatu baadaye vilisamehewa. Pikapu mpaka leo inamlipia kuku.

Watu walihangaika kuukwepa. Subaru, mwishoni mwa miaka ya 1970, walifunga viti viwili vya plastiki nyuma kwenye karai la pikapu yao ya BRAT, abiria anaangalia alikotoka, ili forodhani isomeke gari la abiria. Na Ford, ambao ni Wamarekani wenyewe, waliunda Transit Connect Uturuki, zikaingia Marekani na viti vya nyuma, zikishavuka forodha viti vinang'olewa zinakuwa za mizigo. Kesi ikaenda miaka, 2024 wakakubali kulipa dola milioni 365. Ndugu zangu wa Namanga mnaojiona wajanja, mna kaka zenu.

Juu ya ushuru kuna sheria ya 1988. Gari ambalo halikuundwa kwa viwango vya usalama vya Marekani haliingii mpaka litimize miaka 25. Canada ni 15. Ndiyo maana unaona Mmarekani anahesabu birthday ya gari kama ya mwanawe.

La ajabu zaidi kwangu ni Ford Ranger. Waliacha kuiuza kwao 2011, ikarudi sokoni 2019. Miaka yote hiyo ya katikati wewe wa Moshi ungeweza kununua Ranger mpya iliyoundwa Afrika Kusini, na mtu wa Detroit hawezi.

#6 chalii_wa_Ngarenaro

Kwa hiyo mgeni wa Dereva kanyimwa Hilux kwa sababu ya broila. Nimecheka hadi jirani kagonga ukuta.

#7 Mzee_wa_Makaratasi

Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwenye gari nao ni asilimia 25, halafu ndiyo inafuata VAT na ndugu zake. Sisi hata kuku wa kumlaumu hatuna.

#8 fundi_nozeli

Mimi ni mtu wa pampu na nozeli, nipo Unga Limited. Nimesoma uzi mzima nikiwa na grisi mkononi, simu imechafuka, mnisamehe herufi.

Mnaongea sheria, hamjasema mzungu anapenda nini pale. 1HZ ni silinda sita, lita 4.2, ipo tangu 1990. Haina turbo. Nguvu zake ni farasi 130 hivi, kupanda ule ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu na wageni saba, bodaboda anakupungia mkono. Lakini kinachoharibika unakiona kwa macho au unakisikia. Injini ikianza kutikisika, sihitaji kompyuta. Naiacha inanguruma, nachukua spana namba 17, nalegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza. Mlio ukibadilika, hiyo ni nzima, nakaza. Naenda ya pili. Nikifika ya nne nikilegeza na mlio ukabaki vilevile, hiyo ndiyo maiti. Dakika tano, tena porini, mgeni anakunywa kahawa. Zile dizeli mpya za komon reli ukifanya mchezo huo mafuta yanatoka kwa presha ya kukutoboa ngozi, nazo bila kompyuta ya kusoma hitilafu unabaki kumwangalia fundi na fundi anakuangalia wewe.

Sasa Dereva, ukienda kununua, nisikilize.

Watu hawajui kwamba 1HZ ina mkanda wa taimingi, si mnyororo. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT, inakukumbusha ukifika wakati wa kubadilisha. Nimeshakuta imebandikwa gundi nyeusi. Nimekuta balbu imetolewa. Mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni, na hapo habari ya "injini isiyokufa" inaishia. Usiulize muuzaji amebadilisha lini, atakwambia juzi. Fungua kifuniko uutazame.

Ikiwa ina turbo iliyopachikwa, iache. Hiyo injini haikuundwa kwa turbo, ukiisukuma hewa na mafuta mengi inachemka na hedi inapasuka. Kijana atakwambia sasa inakimbia. Ni kweli, inakimbilia kwangu.

Mkonga wenyewe, lile bomba la kando, wengi wanadhani ni la kuvukia mto. Huku kwetu kazi yake ni vumbi. Ukifuatana na magari sita kutoka Naabi kwenda Seronera, hewa ya usawa wa tairi ni udongo mtupu, ya juu ya paa ina nafuu. Kagua maungio yake. Nimekuta bomba zuri la kung'aa, chini limeachana na boksi la hewa, injini inavuta vumbi miaka miwili na mwenye gari anajisifu ana mkonga.

Na chesisi. Hapa ndipo pesa inapopotea. Zile zilizorefushwa, fundi mzuri hakati wima kama mkate. Anakata mshazari au kwa ngazi, anaingiza kipande, anatia sahani ya chuma kwa ndani, anachomelea polepole apumzishe chuma, kisha propela shafti inarefushwa na kubalansiwa upya. Fundi mbaya anakata wima, anachomelea juu, anapaka rangi. Barabara iliyojikunja kama bati itamaliza ubishi wao. Kwa hiyo vaa nguo mbaya, lala chini, nenda na tochi na bolti moja nzito. Gongagonga chesisi kuanzia mbele kurudi nyuma. Chuma kizima kinalia kengele. Ukisikia "du", simama hapo hapo, kwangua rangi.

#9 Dereva_wa_Sakina

Fundi, Mungu akuzidishie. Nime-skrini-shoti post yako yote.

#10 Mama_Mchare

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjasalimia.

Mimi niko Pasua, Moshi. Mmeongea Mkonga mmemaliza, kirikuu mmekitaja mara moja mkacheka. Mimi kirikuu kimesomesha watoto watatu.

Mwanangu wa pili alinisomea: huko Japan ni gari la kisheria kabisa, lisizidi mita 3.4 urefu, mita 1.48 upana, injini cc 660, na mzigo usizidi kilo 350. Kilo 350! Siku ya soko Mwika mimi napakia mikungu ya mchare mpaka hiyo namba ingeona aibu. Sijisifu. Najua ni kosa, na nalilipia: majani ya springi za nyuma nabadilisha kama mtu anavyobadilisha kandambili. Klachi nayo usiulize. Lakini nikishuka Mwika hadi Himo na mzigo, sishuki kwa breki, nashuka kwa gia ya pili, na kijana akinikimbizia gari namteremsha anarudi na bodaboda.

Halafu kuna kitu wanunuzi wanakidharau. Kipo kirikuu cha 4x4. Vijana wanasema kizito, kinakula mafuta. Masika yakishika Machame, ile migomba imeinama na barabara imekuwa sabuni, cha 4x4 ndicho kinachotoka na ndizi, vingine vinalala kwa watu. Mimi nilikipata kwa bahati, aliyeniuzia hakujua hata kile kitufe ni cha nini.

Mgeni wako Dereva nimempenda. Kaona kilicho cha maana.

#11 realist_TZ

Samahani, nitaharibu sherehe.

Msidanganyike na machozi ya mtalii. Anapenda Mkonga kwa siku saba, mwendo wa 50, wewe ndiye unaendesha. Hajakaa kwenye benchi za nyuma kutoka Loliondo. Hizo 70 za zamani hazina mifuko ya hewa. Kwenye kirikuu magoti ya dereva ndiyo bampa. Wale waliowawekea watu wao sheria za usalama si wajinga, na sheria za moshi zimewekwa kwa sababu watu walikuwa wanakohoa. Sisi tunaletewa kwa sababu hakuna aliyetuuliza. Simama soko la Kilombero hapa Arusha saa 12 jioni uvute hewa uniambie.

Na kama mnataka gari la kweli ambalo kwao haliuzwi, semeni Nyumbu la Kibaha. Gari la jeshi letu wenyewe, wazo la enzi za Mwalimu. Nani hapa ameshalikuta yadi linauzwa?

#12 109_mpaka_kaburini

Hapo kwenye moshi una hoja, kaka. Kwenye magoti pia. Ila hoja hazinifikishi Engare Sero.

#13 fundi_nozeli

Realist yuko sahihi nusu. Moshi mweusi wa 1HZ mara nyingi siyo injini, ni nozeli zimechoka na mwenye gari anasema "bado inatembea". Zikipimwa zikarudishiwa presha yake moshi unapungua sana. Lakini mifuko ya hewa siwezi kukuchomelea, hilo nakubali.

#14 Mjeruhi_wa_usukani

Nilikuwa sitaki kuandika. Mzee wa Makaratasi kasema angalia usukani. Mimi sikuangalia.

Pikapu ya 79 nyeupe, ilitoka ng'ambo ikiwa ya kushoto, ikahamishiwa kulia na gereji fulani huko ilikopita. Dashibodi ilikuwa nzuri, nikaridhika. Nimeendesha mwezi, nikaanza kusikia usukani mzito kukata kulia na mwepesi kushoto. Siku moja natoka Moshi, nimefika Bomang'ombe, najaribu kukwepa bajaji, gari linafikiria kwanza ndipo linakata. Fundi alipofungua alikuta boksi la usukani limefungwa kwenye kipande cha chuma kilichochomelewa ubavuni mwa chesisi, na weldi imeanza kuachia upande mmoja, unaingiza ukucha. Niliacha gari pale pale nikarudi na daladala. Ukiwa unanunua, angalia ukuta wa injini upande wa kushoto. Ukiona matundu yamezibwa yenye umbo la pedali na mhimili wa usukani, shukuru, aga, ondoka.

#15 chalii_wa_Ngarenaro

Pole sana kaka. Hiyo ya ukucha imenitoa usingizi.

#16 Dereva_wa_Sakina

Wakuu, mrejesho, wiki tatu baadaye.

Kulikuwa na Mkonga wa mradi Njiro, 78 yenye milango miwili ya nyuma, matanki mawili, karatasi za kodi zimelipwa, Mzee wa Makaratasi alizikagua mwenyewe (asante mzee, soda yako ipo). Nilikwenda na fundi_nozeli, kumbe ni kijana mdogo tu, nilitegemea mtu mwenye mvi. Taa ya T-BELT ipo na inawaka ukiweka swichi. Mkanda mpya kweli. Nozeli zote sita zilijibu. Mimi moyoni nimeshaanza kuchagua rangi ya kuandika jina.

Fundi akalala chini na bolti yake. Ti, ti, ti, ti. Akafika karibu na mkono wa nyuma wa springi, kulia. Du. Akagonga tena. Du. Akakwangua na bisibisi, rangi ikatoka kama ganda la yai, chini yake kutu, bisibisi ikazama hadi nusu. Muuzaji akasema hiyo ni tope limegandamana. Fundi hakumjibu, akamkabidhi bisibisi.

Tumeondoka. Ilivyoniuma, nilikaa kwenye gari la tajiri dakika kumi bila kuwasha. Kuna singo kabini ya 79 Kisongo tunaiangalia Jumamosi, haijawahi kukatwa, mwenyewe anafuga, bei anataka kuongea ana kwa ana.

Halafu jana usiku kaniandikia yule mzee wa Texas. Kanunua kirikuu! Carry ya 1997, kaagiza Japan, kimemfikia shambani. Katuma picha, kimepakiwa marobota mawili ya majani, mbwa kakaa kiti cha abiria. Ila anasema asubuhi kukiwa na baridi kinagoma kuwaka, anakanyaga mafuta mpaka kinanuka. Mama Mchare, nimwambieje?

#17 Mama_Mchare

Mwambie aache kukanyaga, anakizamisha. Chini ya dashibodi kuna kitufe cha kuvuta, ndiyo choki. Avute chote, asiguse mafuta kabisa, apige swichi. Kikishika aache kingurume hadi aone mlio umepanda, arudishe choki nusu, baadaye yote. Asiisahau ikiwa imevutwa, kitakunywa petroli kama mlevi wa mbege. Na hizo robota mbili mwambie ni kidogo, ila asinisikilize.